Maisha ya Marie Curie na Gharama ya Mionzi

Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, saratani ya umio ni maradhi yanayofahamika kuliko saratani nyingine nyingi. Ukanda wa Bomet na Kericho, ambao sifa yake ulimwenguni ni majani ya chai, umo miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki yanayoathiriwa mno na ugonjwa huo. Madaktari wa Tenwek wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa waliopatwa nao kabla ya kutimiza umri wa miaka 30, jambo ambalo ni nadra katika sehemu nyingi za dunia. Visababishi vyake havijathibitishwa vyote, ila watafiti wamevitaja vinywaji vinavyonywewa vikiwa moto kupita kiasi kuwa miongoni mwa vile vinavyoshukiwa. Aghalabu mgonjwa hufika hospitalini akiwa amechelewa, akawekewa mrija ndani ya umio ili chakula kipate kupita. Aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika, kwa miongo mingi, kusafiri hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, kwa kuwa mashine za umma za tiba hiyo hazikupatikana kwingine nchini.

Asili ya tiba hiyo haiwezi kuelezwa bila kumtaja Marie Curie. Vilevile asili ya kinu cha nyuklia, ambacho Kenya imekuwa ikipanga kukijenga tangu mwaka 2010, haiwezi kuelezwa bila kupitia katika maabara yake. Mwanamke huyu hakujenga kinu wala bomu, na alifariki mwaka 1934, takriban miaka minne kabla ya wanasayansi wa Ujerumani kugundua kwamba kiini cha atomu ya urani huweza kupasuliwa. Hata hivyo, maswali mazito yanayoizunguka nishati hiyo leo yalijitokeza mapema katika maisha yake: ni nani anayeijua hatari, anaijua lini, na ni nani anayeibeba mwilini kwa niaba ya wengine.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw, akaitwa Maria Salomea Skłodowska, kitindamimba katika familia ya watoto watano. Poland wakati huo haikuwa na nafasi katika ramani ya dunia. Ilikuwa imegawanywa na madola makubwa yaliyoizunguka, na Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Mama yake aliwahi kuongoza shule ya wasichana. Dada yake mkubwa alifariki kwa homa mwaka 1876, na mama yake akafuata mwaka 1878 kwa kifua kikuu. Maria alikuwa na umri wa miaka kumi.

Msomaji wa Kiswahili atavutiwa hasa na suala la lugha katika utoto huo. Shuleni watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi, na lugha yao wenyewe ikawa kitu cha kufichwa mkaguzi anapobisha hodi. Walimu waliothubutu walifundisha historia ya Poland kwa siri. Wasichana hawakuruhusiwa kuingia katika chuo kikuu cha Warsaw, kwa hivyo Maria na dada yake Bronia walijiunga na masomo ya chinichini yaliyoendeshwa katika nyumba za watu, yakihamishwa huku na huko ili yasigunduliwe na polisi. Baadaye alipoajiriwa kuwa mwalimu wa watoto katika nyumba ya familia tajiri shambani, aliwakusanya watoto wa wakulima wa kijiji hicho na kuwafundisha kusoma Kipolandi, kosa ambalo lingeweza kumpeleka uhamishoni Siberia. Wazee wa Kericho waliozaliwa enzi za ukoloni, waliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kikipsigis, wangemwelewa Maria pasipo maelezo mengi.

Kazi hiyo ya kufundisha ilikuwa sehemu ya makubaliano baina yake na Bronia. Maria angefanya kazi na kumlipia dada yake masomo ya udaktari mjini Paris, kisha Bronia angemvuta mdogo wake. Ahadi ilitimizwa. Mwaka 1891 Maria aliwasili Paris, akajiandikisha katika chuo kikuu cha Sorbonne kwa jina la Kifaransa, Marie, na kuishi katika chumba cha darini kilichokuwa na baridi kali. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya pili katika hisabati. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwanafizikia mpole ambaye hakujali vyeo. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa mwaka 1897.

Miaka hiyo fizikia ilikuwa imetikiswa. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen alikuwa amegundua mionzi ya eksirei, na mwaka 1896 Henri Becquerel akabaini kwamba chumvi za urani hutoa miale isiyoonekana hata zikifungiwa gizani. Wengi walilikimbilia jambo la Röntgen; la Becquerel likaachwa kama kioja kidogo. Marie alilichagua hilo lililoachwa kuwa mada ya tasnifu yake. Kwa kutumia kifaa cha kupimia umeme mdogo sana, ambacho Pierre na ndugu yake walikuwa wamekibuni, alipima madini ya kila aina, akagundua kwamba mawe meusi ambamo urani huchimbwa yalitoa miale mikali kuliko urani yenyewe. Maelezo yalikuwa mamoja tu: ndani ya mawe hayo mlikuwemo kitu kingine kisichojulikana. Pierre aliacha utafiti wake mwenyewe akaungana na mkewe. Mwezi Julai 1898 walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya Poland, nchi isiyokuwa na dola wakati huo. Mwezi Desemba walitangaza ya pili, radiamu.

Mwaka huohuo walibuni istilahi ya kuitaja tabia hiyo ya elementi kutoa miale bila kuchochewa. Kiswahili sanifu kimeipa tabia hiyo jina la unururifu, ingawa wazungumzaji wengi husema mionzi tu, neno ambalo halitofautishi miale yenyewe na kitu kinachoitoa. Upungufu huo una uzito nje ya kamusi pia. Mgonjwa anayepigwa mionzi ya mashine hospitalini haondoki na mionzi mwilini, kama vile mtu aliyemulikwa kwa kurunzi asivyogeuka kurunzi. Aliyevuta vumbi la radiamu, au aliyekula chakula kilichoangukiwa na vumbi kama hilo, amekichukua chanzo chenyewe, nacho huendelea kumpiga kutoka ndani. Hofu nyingi kuhusu nyuklia, na uzembe mwingi pia, hutokana na kutotenganisha mambo hayo mawili.

Kutangaza elementi ni jambo moja, kuionyesha ni jingine. Wanakemia walitaka kuiona radiamu na kuipima uzito. Curie na mumewe walipewa banda kuukuu katika barabara ya Lhomond, lililowahi kutumiwa na wanafunzi wa udaktari kupasulia maiti, lenye paa lililovuja. Masalio ya mawe ya urani yaliletwa kwa magunia kutoka mgodi wa Jáchymov, katika milki ya Austria. Marie aliyachemsha, akayakoroga kwa nondo iliyokaribia urefu wake mwenyewe, akayachuja na kuyagandisha upya maelfu ya mara. Baada ya miaka takriban minne, mwaka 1902, alikuwa amepata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu kutoka katika tani kadhaa za masalio. Usiku wawili hao walikuwa na mazoea ya kurudi bandani kutazama chupa zao ziking'aa gizani.

Mng'ao huo ulikuwa dalili ya kwanza, na haikusomwa. Vidole vya Marie vilikauka na kupasuka ngozi. Pierre, kwa kusudi la kuchunguza, alijifunga radiamu mkononi kwa saa kadhaa akapata kidonda kilichochukua wiki nyingi kupona. Becquerel naye alisafiri na kichupa cha radiamu ndani ya mfuko wa kizibao chake, akaungua kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako, kwa maana iliyo wazi kuliko aliyoikusudia mtunzi wa methali hiyo. Ajabu ni kwamba vidonda hivyo vilipokelewa kwa furaha. Ikiwa radiamu huua nyama iliyo hai, walihoji madaktari, basi itaua pia uvimbe wa saratani. Wakawa sahihi, na hapo ndipo tiba ya mionzi ilipoanzia. Lakini hakuna aliyeuliza kwa bidii inayolingana kile kinachowapata wale wanaoishika radiamu kila siku. Pierre alichoka, akaumwa miguu na mgongo, nao wakadhani ni baridi yabisi. Mwaka 1903 Marie aliharibikiwa na mimba, akajilaumu kwa kufanya kazi kupita kiasi.

Mwaka huo wa 1903 ulikuwa pia wa utukufu. Alipata shahada ya uzamifu mwezi Juni, na mwezi Desemba yeye, Pierre na Becquerel wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Pendekezo la awali kutoka Ufaransa lilikuwa limewataja wanaume wawili pekee; jina lake liliongezwa baada ya Pierre kudokezwa na kutoa shauri. Wawili hao hawakuchukua hataza ya njia ya kutengeneza radiamu, wakaiacha mikononi mwa yeyote. Uamuzi huo umesifiwa sana, na kwa haki, lakini ulikuwa na upande wake wa pili: viwanda viliichukua njia bila kuwajibika kwa yeyote, na punde radiamu ikatiwa katika poda za uso, dawa za meno na maji ya kunywa yaliyosifiwa kuwa huongeza nguvu.

Binti wa pili, Ève, alizaliwa mwezi Desemba 1904. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi barabarani siku ya mvua, akafa papo hapo. Marie alipewa nafasi yake chuoni, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 aliukosa uanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kwa kura chache, magazeti yakamwandama kwa uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, na katika msukosuko huohuo akatunukiwa Nobel ya pili, ya kemia. Hakuna aliyekuwa amewahi kuipata mara mbili kabla yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914 aliacha utafiti, akakusanya fedha na magari, akayawekea mashine za eksirei na jenereta. Magari takriban ishirini yalipelekwa karibu na uwanja wa mapambano, mengine akiyaendesha mwenyewe, na vyumba vya eksirei vipatavyo 200 vikafunguliwa hospitalini. Irène aliungana naye akiwa msichana wa miaka 17. Majeruhi zaidi ya milioni moja walipigwa picha kwa mitambo hiyo, na risasi zikatafutwa mahali zilipokuwa badala ya kupapaswa kwa kisu. Mama na binti walifanya kazi hiyo wakiwa na kinga hafifu sana, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba miaka hiyo minne ilimdhuru Marie kuliko miaka yote ya bandani.

Baada ya vita, taasisi yake ya radiamu ilikuwa na gramu moja tu ya radiamu, na bei ilikuwa imepanda kupindukia. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000, na Rais Harding akamkabidhi gramu nyingine. Aliporudi Marekani mwaka 1929 kuombea taasisi mpya ya Warsaw, alipewa dola 50,000, na radiamu hiyo ikanunuliwa Ubelgiji. Sababu ya bei kushuka hivyo ndiyo inayoyaleta maisha ya Marie Curie katika nchi za Waswahili, nayo hupitwa upesi katika wasifu mwingi ulioandikwa juu yake.

Mwaka 1915 madini ya urani yalikuwa yamegunduliwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Yalikuwa tajiri mno kuliko ya Ulaya. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliyasafirisha hadi Ubelgiji, ikayasafisha katika kiwanda cha Olen, na kulitawala soko la radiamu la dunia. Katika migodi ya Katanga wafanyakazi walitoka pembe nyingi, na Kiswahili kilikuwa kikienea kuwa lugha yao ya kazi. Mawe yalichimbwa, yakachaguliwa na kupakiwa kwa mikono mitupu. Radiamu iliyowapunguzia wagonjwa wa Paris na Warsaw uvimbe ilianza safari yake katika mikono hiyo. Marie Curie hakufika Katanga, wala haikuwa amri yake watu wale wafanye kazi bila kinga. Hata hivyo, si sahihi kuisimulia radiamu kana kwamba ilizaliwa Paris.

Wahanga waliosikika walikuwa wengine. Nchini Marekani, katika jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka nambari za saa kwa rangi yenye radiamu ili zionekane gizani, wakafundishwa kuichonga brashi kwa midomo. Taya zao zilianza kuoza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa. Kesi yao iliisha mwaka 1928 kwa fidia. Huko Ufaransa, mwaka 1925, wahandisi wawili waliokuwa wakitayarisha madini yenye mionzi kwa ajili ya hospitali walifariki kwa kufuatana. Mwaka huohuo Marie alikuwa katika kamati iliyopendekeza kinga za madini ya risasi na vipimo vya damu kwa wafanyakazi. Alijua, basi. Lakini aliendelea kushika vichupa kwa mikono yake, akiamini hewa safi ya mashambani na mazoezi huondoa madhara, na akawaficha watu kwamba alikuwa akipoteza uwezo wa kuona kutokana na mtoto wa jicho, akipasuliwa mara kadhaa huku akitumia jina la bandia. Haifai kumhukumu kwa ukali, maana ni vigumu mtu kukiri kwamba kazi iliyompa jina ndiyo inayomla. Ila haifai pia kuligeuza kosa hilo kuwa ushujaa, kama wafanyavyo waandishi wengi wa vitabu vya watoto.

Alifariki tarehe 4 Julai 1934 katika hospitali ya Sancellemoz, kwenye milima ya Alps, akiwa na umri wa miaka 66. Uboho wake ulikuwa umeshindwa kuunda chembe za damu, na madaktari walihusisha hali hiyo na mionzi aliyoikusanya maishani. Miezi michache tu kabla ya hapo Irène na mumewe, Frédéric Joliot, walikuwa wamemwonyesha jinsi ya kutengeneza unururifu wa kubuni maabarani, ugunduzi uliowapatia Nobel ya mwaka 1935.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 1938 mpasuko wa kiini cha urani uligunduliwa. Urani ya Shinkolobwe, ambayo hadi hapo ilihesabiwa kama masalio ya radiamu, ikageuka kuwa shabaha yenyewe. Mwaka 1942 Marekani ilinunua zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilizokuwa zimehifadhiwa New York, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wake wa bomu ikatoka Katanga. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945. Mgodi wenyewe ulifungwa rasmi na serikali ya Kongo mwaka 2004, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia, na mwezi Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu.

Mpasuko uleule ndio unaochemsha maji katika vinu vya umeme. Kinu kikifanya kazi inavyopasa hakitoi moshi, na kwa kipimo cha vifo kwa kila kiasi cha umeme, makaa ya mawe yameua watu wengi zaidi kuliko nyuklia. Hilo ni kweli na linastahili kusemwa. Tatizo ni kwamba kinu hakizimiki kama jiko la kuni. Hata mpasuko ukisimamishwa, mabaki yake yanayoendelea kutoa miale hubakiza, mara tu kinu kinapozimwa, takriban asilimia 6 hadi 7 ya joto lote, na joto hilo lisipopozwa kwa maji kwa siku na wiki nyingi, fito za urani huyeyuka. Ndivyo ilivyokuwa Fukushima mwaka 2011, pale tsunami ilipozima pampu. Kisha yapo masalio yenyewe, ambayo hubaki na hatari kwa maelfu ya miaka.

Kwa nchi ya chai, mifano miwili ina uzito wa pekee. Baada ya kinu cha Chernobyl kulipuka mwezi Aprili 1986, mvua iliangusha seziamu juu ya mashamba ya chai ya Rize, nchini Uturuki, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, na maelfu ya tani za chai yakalazimika kuondolewa sokoni. Mwaka 2011 majani ya chai ya mkoa wa Shizuoka, zaidi ya kilomita 300 kutoka Fukushima, yalikutwa na seziamu, na shehena moja ikazuiwa ilipofika Ufaransa. Mchai huchumwa majani machanga, yaleyale yanayopokea mvua, na majani hayo hukaushwa hadi kilo kadhaa kuwa moja. Kilichoanguka juu yake hukolea. Hata mahali ambapo watu hawakulazimika kuhama, mnunuzi alikwishakimbia.

Kenya ilianza kwa kamati mwaka 2010, ikaunda wakala wa nyuklia na mamlaka ya kudhibiti mionzi kwa sheria za mwaka 2019, ikachagua Uyombo, kaunti ya Kilifi, ambako wenyeji waliandamana mwaka 2024 kutetea bahari na misitu yao. Mwaka 2025 macho yakaelekezwa Siaya, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Kutoka huko hadi Kericho ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Upepo wa ziwa unaopanda mchana kukutana na ule wa mashariki ndio unaoiletea Kericho mvua zake za alasiri na mvua ya mawe inayojulikana sana na wachumaji. Mito ya nyanda hizo, Kipsonoi, Itare na Kiptiget, huungana katika Sondu na kuteremka kuingia katika ghuba ya ziwa hilohilo. Mawingu hupanda na maji hushuka, kwa hivyo suala la Siaya ni la Litein na Sotik pia.

Haja ya umeme katika eneo hilo ni ya kweli. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni za mikaratusi na hulalamikia gharama ya umeme. Lakini njia nyingine hazikosekani. Tenwek ilijijengea mtambo wa umeme kwenye maporomoko ya mto Nyangores katika miaka ya 1980, mashamba makubwa ya Kericho yana mitambo midogo ya maji yao, na mvuke wa Olkaria huipa nchi sehemu kubwa ya umeme wake. Anayetaka kinu anapaswa kueleza kwanza kwa nini hayo hayatoshi, na aeleze kwa lugha ambayo mchumaji wa Bomet anaielewa. Marie Curie angalau alijitwika hatari aliyoichagua. Wachimbaji wa Shinkolobwe na wasichana wa New Jersey hawakuulizwa.

Mwaka 1995 mwili wake na wa Pierre ilihamishiwa Panthéon jijini Paris, naye akawa mwanamke wa kwanza kuzikwa humo kwa sifa zake mwenyewe. Jeneza lake lilikutwa limekingwa kwa madini ya risasi. Madaftari yake ya maabara yanahifadhiwa katika masanduku ya madini hayohayo, na anayetaka kuyasoma hutia saini kwanza kwamba ameielewa hatari. Radiamu iliyomo kurasani hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi.

Irène, aliyeandamana na mama yake vitani na maabarani, alifariki mwaka 1956 kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 58. Ève, aliyechagua muziki na uandishi, na ambaye ndiye aliyeandika wasifu wa mama yake mwaka 1937, alifariki mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 102.